Nani Atamlaza Gracia

Sokoni Kamina, wauza samaki walimjua Mama Ngoie kwa maswali yake. Mizigo ya Bukama ikishushwa kwenye treni, wenzake hurukia vikapu na kugombania vile vizito. Yeye alisimama pembeni, akachukua samaki mmoja wa moshi, akamgeuza, akamnusa chini ya shavu, halafu akaanza. Amevuliwa upande gani wa mto? Amekaushwa lini? Mvua ilimkuta njiani? Wachuuzi walimchoka mpaka wakampa jina la Komisea, kwa kuwa alihoji watu kama yuko kituo cha polisi. Alicheka, akalipa, akaenda zake na samaki ambao hawajawahi kumletea mteja wa kulalamika.

Hilo lieleweke mapema, kwa sababu baadaye ukoo mzima ulisema mengi juu ya mama huyu, na waliosema hawakuwa na haya hata kidogo.

Mumewe alikuwa mtu wa Malemba-Nkulu. Alifariki zamani, na ndugu zake huko wametawanywa na vita vya wanamgambo, huyu kakimbilia huku, yule kule, kiasi kwamba hakukuwa na wa kumpelekea shida. Alibaki na binti mmoja, Gracia, mwalimu wa shule ya msingi, mpole, mwenye mwandiko mzuri wa kuonea wivu. Gracia alikuwa na tezi shingoni. Lilianza akiwa msichana, dogo la kufichwa na kitambaa. Likakua taratibu mpaka kitambaa kikawa hakifichi kitu. Siku moja wanafunzi walimchora ubaoni akiwa na vichwa viwili. Akatazama mchoro ule, akaufuta, akaendelea na somo la hesabu.

Kuchorwa hakukuwa tatizo. Tatizo ni kwamba tezi lilianza kukua kwa ndani, likasukuma koo. Gracia akilala chali alikoroma, akashtuka, akakaa kitandani akitafuta hewa. Ikafika mahali akawa analala kwenye kiti, kichwa kimelazwa mezani juu ya madaftari ya watoto. Mama Ngoie alimtazama hivyo miezi mingi. Mwishowe akasema basi, twende hospitali.

Hospitalini kulikuwa na Docta Yav, mpasuaji, na sifa zake zilifika mbali. Watu walitoka Bukama kumfuata. Alimpapasa Gracia shingo kwa vidole viwili, akamwambia ameze mate, akasema tezi linatoka, yeye amekwisha kutoa mengi. Kamina watu wakisikia maneno hayo huwa wameridhika. Wanachagua mkono wa kisu, wanarudi nyumbani kutafuta mchango. Hakuna anayeuliza kitu kingine, kwa sababu hakuna anayekumbuka kwamba kabla ya kisu kuna mtu mwingine, anayekaa upande wa kichwa, anayekulaza na kushika pumzi yako mpaka uamke. Mtu huyo anaitwa anestezisti. Akifanya kazi yake vizuri humwoni, na ukiamka unamshukuru mpasuaji.

Mama Ngoie aliuliza. Alikuwa na sababu. Gracia mwenyewe alizaliwa kwa kisu, na mama yake hakusahau mkono wa mwanamume mmoja aliyekaa nyuma ya kichwa chake siku ile, akimshikilia taya na kumwambia kwa sauti ya kugomba asiogope. Kwa hiyo akamwuliza Docta Yav ni nani atamlaza binti yake. Docta alitabasamu kidogo, kwa upole wa mtu mwenye wagonjwa wengi mlangoni. Akajibu kwamba wapo wawili, wote wana diploma, mama asijisumbue.

Mama akajisumbua. Alikwenda kwa wanawake waliopasuliwa, akakaa nao jikoni, akawahoji. Alimhoji mfagiaji wa chumba cha upasuaji alipokuja kununua samaki, akamwongezea samaki mmoja juu. Pole pole akaujua utaratibu ambao wagonjwa hawaambiwi. Docta Yav alipasua Jumanne na Ijumaa. Jumanne aliyelaza wagonjwa ni Mzee Bilali, aliyekuwa kazini tangu Gracia alipozaliwa; mkono ule juu ya taya ulikuwa wake. Ijumaa Bilali alikwenda msikitini, na zamu ilishikwa na kijana aliyetoka masomoni Lubumbashi. Ukipewa Jumanne umepewa Bilali. Ukipewa Ijumaa umepewa kijana.

Kijana yule alikuwa Fils, mtoto wa Kabwe, na Kabwe ni kaka mkubwa wa Mama Ngoie, tumbo moja.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Fils hakuwa mtu baki. Mama Ngoie alimbeba mgongoni utotoni, wakati mama wa kijana alipokuwa mgonjwa. Alikuwa tata mukaji wake, kama Waluba wanavyomwita shangazi, yaani baba wa kike, na katika mchango wa kumsomesha alitoa faida ya vikapu visivyohesabika. Picha ya Fils akiwa na joho la diploma ilitundikwa sebuleni kwa Kabwe mahali ambapo zamani palikuwa na picha ya Bikira Maria, na Bikira akahamishiwa chumbani. Hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kuvaa koti jeupe. Sasa yuko mmoja, na unakwenda kumtafuta mwingine? Mama Ngoie alilijua jambo hilo lilivyo na uzito. Hata hivyo akajifunga kitambaa akaenda kwa Bilali.

Bilali aliishi karibu na msikiti, mtaa wa watu wenye asili ya Maniema, wafanyabiashara kwa mababu. Yeye peke yake aliacha duka la baba akaenda kuwa muuguzi, na ndugu zake hawajamaliza kumcheka. Alikuwa mzee mkali, mwenye majivuno, anayependa kusimulia jinsi madocta watatu waliopita walivyomtegemea. Mkewe Mwajuma alileta kiti, akaleta chai, akaondoka kwa haraka ya mtu aliyesikia hadithi zile mara nyingi. Mama Ngoie alimwacha azimalize. Alipomaliza, Bilali akauliza swali moja tu kuhusu mgonjwa.

"Mutoto akilala chali, iko napumua?"

"Hapana," Mama Ngoie akasema. "Iko nalala ya kukaa."

Majivuno yote yakamtoka usoni. Akaweka kikombe chini. Akamweleza kwamba shingo ya namna hiyo ni kitu kingine. Docta anaangalia tezi, lakini nyuma ya tezi kuna njia ya pumzi, na tezi limeshaipinda. Mgonjwa akilazwa, nguvu za shingo zinaachia, njia inaziba, na anestezisti lazima apitishe mpira wa pumzi upesi mahali ambapo haoni. Asipojua, mtu anafia mezani kabla kisu hakijamgusa.

Mama Ngoie akamwuliza kama amewahi kulaza shingo za hivyo. Akajibu nyingi. Akamwuliza kama ipo iliyomshinda. Hapo Bilali alikasirika. Alisimama, akatembea hadi mlangoni, akarudi. Inawezekana hakuna mgonjwa aliyewahi kumwuliza hivyo usoni.

"Iko moja," akasema. "Mama wa Katoto. Alinifia mu mikono. Tangu siku ile, kila shingo ya vile niko naiogopa. Natayarisha kila kintu mbele, naita docta asimame karibu, na kisu ya kupasua koo iko ku meza. Minyi siko nakuficha."

Mama Ngoie alirudi nyumbani na moyo mwepesi. Sokoni, mchuuzi aliyemwonyesha mwenyewe samaki aliyeharibika ndiye ambaye Mama Ngoie alinunua kwake mwaka mzima. Akaenda hospitalini kuomba Jumanne, akaandikwa Jumanne.

Lakini mji una masikio, na Kabwe alikuwa na mengi kuliko mji. Alifanya kazi reli maisha yake yote, akastaafu na sauti ya kuamrisha watu wapande behewa. Akaita kikao.

Kikao kilikuwa cha lazima kwa vyovyote vile. Kwao, mtu haingii kwenye kisu na ukoo haujakaa. Kila ndugu lazima aje, aseme kama ana kinyongo na mgonjwa au na wa nyumbani kwake, kinyongo kimalizwe, halafu achovye kidole kwenye pemba, ule udongo mweupe wa baraka, ampake mgonjwa mkononi na kutamka kwamba moyo wake ni mweupe. Wanaamini mtu anayelazwa huku ndugu wana mambo tumboni hupata taabu ya kurudi. Mama Ngoie aliheshimu desturi hiyo. Hakutegemea kwamba itamgeukia.

Walikaa uani kwa Kabwe, wajomba na shangazi, Gracia katikati kwenye mkeka, akiwa amekaa wima kwa ajili ya pumzi. Fils alikuja na koti lake jeupe, labda baba yake alimwambia alivae. Alikaa karibu na ukuta. Kabwe alianza mbali sana, kwenye safari ya babu yao na kuhamia mjini, akashuka mpaka kwenye mchango wa masomo, akawataja waliotoa mmoja mmoja. Kila mtu alijua anaelekea wapi. Alipofika, akamtazama dada yake.

"Bantu ba inje beko nasema dada yangu alienda kulomba usingizi ya mutoto wetu kwa Bilali. Sasa minyi nauliza kikao. Bilali mwenyewe anasema muntu alimufia mu mikono. Mutoto wetu Fils hakupotezaka muntu hata mumoja. Mikono gani njo safi?"

Watu wakaguna wakikubali. Shangazi mmoja mzee akasema mikono iliyokwisha kuzoea kifo haipewi mtoto. Mjomba mwingine akaongeza kwamba mtu akikiri ameua, ni Mungu anakuonya. Hakuna hata mmoja aliyeuliza Fils amelaza watu wangapi, wala kama amewahi kugusa shingo yenye tezi. Mtu ambaye hajapoteza mgonjwa alikuwa ndiye bingwa. Kwa hesabu hiyo, bingwa kupita wote angekuwa yule aliyeanza kazi asubuhi ile.

Mama Ngoie alikuwa na la kujibu, na lilikuwa mdomoni. Alitaka kumgeukia Fils amwulize kama alivyomwuliza Bilali. Akamtazama. Fils alikuwa ameinamia viatu vyake. Mama akaona macho yaliyolowa, akaona kijana anayeaibishwa mbele ya ukoo wake na mwanamke aliyembeba mgongoni. Akafikiri: nikimkataa hapa, nani mwingine Kamina atamkubali? Shangazi yake mwenyewe kamkataa, watasema. Miaka yote ile ya masomo itakuwa imekwenda na maji, na mimi ndiye nitakuwa nimeimwaga.

Akamgeukia Gracia. Gracia akamwambia polepole, kwa ile sauti ya kubanwa, kwamba yeye hajui, mama ndiye atakayesema. Gracia alimwamini. Jambo hilo ndilo Mama Ngoie hawezi kulipitia akilini mpaka leo bila kushika kitu.

"Fils iko mutoto wangu," akasema. "Yee njo atamulalisha."

Ukoo ukapiga makofi yale mazito ya shukrani, viganja vimekunjwa. Kabwe akasema "Eyo, vidye," yaani ndiyo, bwana, kwa heshima kubwa, kana kwamba dada yake ametoa ng'ombe. Jumanne ikafutwa, ikawekwa Ijumaa. Pemba ikaletwa kwenye sahani. Mmoja mmoja wakainama, wakampaka Gracia, wakatamka. Mama Ngoie akatamka kwamba moyo wake ni mweupe, na haukuwa mweupe. Fils akaja wa mwisho. Kidole chake kilitetemeka juu ya mkono wa Gracia, watu wakasema angalieni jinsi anavyompenda dada yake.

Ijumaa Mama Ngoie alikaa barazani mwa hospitali pamoja na nusu ya ukoo. Kabwe alikuwa amevaa suti. Gracia aliingia kwa miguu yake, akamkabidhi mama kitambaa cha shingo, akasema akitoka hatakihitaji. Mlango ukafungwa. Wakaanza kuzungumza habari nyingine, bei ya mahindi, treni iliyokwama.

Kisha muuguzi akatoka mbio. Hakukimbilia duka la dawa. Alikimbilia barabarani, upande wa msikiti. Mama Ngoie alijua. Kabla mtu hajamwambia lolote, alijua, akasimama. Baada ya muda ambao hakuna aliyeupima, Bilali akaja akikimbia kwa kanzu yake ya sala, mzee mzima, kofia imeanguka njiani. Alipita mbele ya Mama Ngoie bila kumtazama.

Yaliyotokea ndani aliyasikia baadaye kwa vipande. Fils alimlaza Gracia chali, akampa dawa ya usingizi, shingo ikalegea, njia ikaziba. Alijaribu kupitisha mpira, ukagonga ukuta. Akajaribu tena. Akajaribu tena na tena, jasho linamdondoka, Docta Yav anauliza kuna nini, naye anajibu hakuna kitu, bado kidogo. Alikuwa akisema bado kidogo wakati midomo ya Gracia inabadilika rangi. Bilali alipofika aliusukuma pembeni mkono wa kijana, akainua taya, akapitisha mpira. Pumzi ikarudi. Docta Yav akatoa tezi, maana bila kulitoa njia ingeziba tena.

Docta alitoka akasema anapumua. Barazani watu wakaimba kwa shukrani, Kabwe akakumbatiana na kila mtu. Mama Ngoie naye aliimba. Hilo nalo limebaki linamuuma, kwamba aliimba.

Kwa sababu Gracia hakuamka yule aliyeingia. Macho yalifunguka, hayakuangalia mtu. Alimeza uji mama yake akimsugua koo. Alilia bila sababu na kunyamaza bila sababu. Hakujua mama yake, hakujua chaki, mikono ilijikunja kifuani ikakataa kunyooshwa. Docta Yav alieleza kwa maneno ya Kifaransa kwamba ubongo ulikosa hewa, ni jambo linaloweza kumpata yeyote. Karatasi ya kutoka ikasema upasuaji umefaulu. Ni kweli, tezi lilitoka lote. Shingo yake sasa ni nyembamba na nzuri, na wanawake wakija kumtazama wanakosa la kusema, basi wanasifu shingo.

Kikao kikakaa tena. Mama Ngoie alikwenda akitegemea kwamba sasa Fils ataulizwa. Fils hakuulizwa kitu. Hakuwepo hata; walisema yuko kazini. Swali lililoletwa lilikuwa jingine: nani alipaka pemba na moyo usio mweupe? Wakazunguka, wakakohoa, na macho yote yakatua mahali pamoja. Nani alikwenda nyuma ya ukoo? Nani alipeleka jina la mtoto kwa mtu aliyezoea kifo? Nani aliingia Ijumaa ile akiwa na Jumanne tumboni? Kabwe alisema kwa huruma kwamba dada yake hakukusudia. Akamwamuru alete kuku wa kusafisha jambo hilo.

Akaleta. Mama Komisea, aliyehoji soko zima, alibeba kuku mweupe barabarani akaulipia ukoo faini kwa kosa la kutafuta mtu anayejua kazi. Walimla kuku yule. Walimpa hata kipapatio.

Tangu hapo maisha yake yalikuwa madogo. Hakuweza tena kusubiri mizigo. Jirani yake Christelle alimkopesha samaki wachache, akawauza mlangoni kwake asimwache Gracia peke yake. Christelle ndiye aliyemsaidia kumgeuza, kwa sababu Gracia mwili ulikuwa mzito na mama alikuwa amechakaa. Ukoo ulikuja mwanzoni na mafungu ya unga, halafu ukaja sikukuu tu, halafu ukaanza kutuma salamu. Fils hakuja kabisa. Alisikika yuko kwenye zamu zake za Ijumaa, anapunguziwa kazi, anapewa majipu na vidole tu.

Wakati wa kiangazi Kabwe akashikwa na henia. Ilimtokeza kinenani kama ngumi, akawa hawezi kusimama kanisani. Docta Yav akasema ipasuliwe. Mama Ngoie alipata habari hiyo kwa Christelle, ikiwa imekwisha pita. Hapakuwa na kikao kirefu, wala wajomba kutoka mbali. Mzee alipakwa pemba na wachache wa nyumbani akaenda. Alikwenda Jumanne.

Desturi inataka dada aende kumwona kaka aliyetoka kwenye kisu. Akamwacha Gracia kwa Christelle, akafunga samaki wawili kwenye jani, akaenda. Alimkuta Kabwe amejiegemeza kwenye mito, anakunywa uji, anasimulia wageni. Alisema Bilali ni mtu wa ajabu, alimwuliza maswali kama karani, alimpima hiki na kile, halafu yeye Kabwe akalala usingizi wa mtoto mchanga, akaamka anasikia njaa. Wageni wakacheka. Mama Ngoie alisubiri waondoke. Kisha akauliza, na hakuinua sauti.

"Kaka, juu ya nini haukulalishwa na Fils?"

Kabwe aliweka kikombe. Akamtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakumpa mtoto wa darasa la kwanza aendeshe treni.

"Fils?" akasema. "Fils iko mutoto angali."

Hakuona alichokisema. Aliendelea na uji wake, akaomba aongezewe sukari. Mama Ngoie alimchukia wakati ule kwa chuki safi isiyo na mahali pa kwenda, akawaweka samaki juu ya meza, akamtakia apone. Njiani aliwaza kwamba kaka yake alilijua jambo hilo tangu siku ya kikao. Kabwe alijua mwanawe hajui. Alichotaka ni ukoo umwamini mtoto wake, na shingo ya kuaminia ikawa ya mtoto wa mwingine. Mwili wake mwenyewe aliupeleka kwa Bilali.

Siku chache baadaye, saa za mchana, Fils akaja. Mama Ngoie alikuwa anamwosha Gracia ndani, akasikia mtu anapiga hodi kwa sauti ndogo. Alikuwa amekonda. Hakuwa na koti jeupe. Alisimama kizingitini akamtazama Gracia kwenye mkeka, ile mikono iliyojikunja, akageuza uso ukutani.

Alisema baba yake amempita akaenda kwa Bilali. Hakusema kwa hasira. Alisema hospitalini kila mtu sasa anajua, hata wafagiaji, na yeye anafurahi, maana pengine watamwacha aende kwingine akajifunze. Alizungumza hivyo kwa muda, akizunguka, mpaka maneno yakamwishia. Kisha akapiga magoti, akamwita kwa jina la utotoni.

"Tata mukaji, siku ile ku kikao, minyi nilikuwa najua siwezi. Shingo ya vile sikuilalishaka hata moja. Niliogopa kusema mbele ya papa. Nilikuwa nangoya weye unikatale. Nilijua utanikatala, juu weye unaulizaka bantu bote."

Mama Ngoie alibaki na kitambaa cha maji mkononi. Kwa mara ya kwanza aliyaona sawasawa yale macho yaliyolowa kando ya ukuta. Alikuwa ameyasoma vibaya. Alimwonea haya kijana hata asimkatae, na kijana alikuwa akingoja kwa nguvu zake zote amkatae, na kati ya heshima zao mbili walimweka Gracia mezani.

"Na minyi nilikuwa nangoya weye useme," akasema.

Fils alianza kulia, akasema amsamehe. Mama Ngoie alijitafuta ndani kama kuna msamaha, hakuuona, na hakutaka kumdanganya tena mtu yeyote kwamba moyo wake ni mweupe. Maji kwenye beseni yalikuwa yanapoa. Gracia alikuwa amelala upande mmoja tangu asubuhi, ngozi ya kiuno imeanza kuwa nyekundu, na Christelle alikuwa amekwenda stesheni.

"Acha kulia," akamwambia. "Iko muzito, peke yangu siwezi. Shika miguu."

Fils akajifuta, akaja, akashika miguu. Wakamgeuza.